Mpira uliojaa nitrogliserini: jibu kwa msomaji wa Mtwara

Msomaji wetu wa Mtwara anauliza: "Nimeona video ya vita vya Ukraine, gari la deraya linarusha kitu kirefu kama mkia, kinatua shambani, halafu mstari mzima unalipuka. Mjomba wangu aliyekuwa jeshini anasema Waingereza walikuwa nacho tangu Vita Kuu ya Pili, tena walikijaza kilipuzi cha majimaji, na kikaua askari wao wenyewe. Ni kweli? Na kama kinasafisha mabomu yaliyotegwa ardhini kwa sekunde chache, kwa nini Msumbiji walihangaika na panya wa Morogoro?"

Mjomba wako hakukosea. Kifaa hicho kiliitwa Conger, na kilikuwa mali ya Divisheni ya 79 ya Deraya ya Uingereza, ile iliyoongozwa na Meja Jenerali Percy Hobart. Divisheni hiyo haikupigana kama divisheni nyingine. Ilikuwa ghala la mitambo ya ajabu iliyobuniwa kuvunja ngome za Wajerumani: vifaru vya kuogelea, vya kutandaza madaraja, vya kutema moto na vya kupiga mabomu kwa minyororo. Kitengo kilichohitaji mmojawapo kiliuazima, kikautumia, kikaurudisha.

Conger kilikuwa hivi. Walichukua kigari kidogo cha minyororo aina ya Universal Carrier, kile kilichojaa kila kona ya jeshi la Uingereza, wakang'oa injini yake. Nafasi ikabaki ya kuweka kilipuzi cha majimaji chenye nitrogliserini, mpira wa kufumwa wa inchi 2 kama ule wa zimamoto, na roketi ya inchi 5 ya kuuvuta. Kwa kuwa hakikuwa tena na injini, kilikokotwa na kifaru cha wahandisi aina ya Churchill, kilichoitwa AVRE, hadi ukingoni mwa eneo lililotegwa mabomu. Roketi iliporushwa iliondoka na mpira ukiwa mtupu na kuulaza juu ya ardhi ya adui kwa urefu wa mita 300 hivi. Hapo ndipo majimaji yaliposukumwa ndani ya mpira, ukajaa mpaka mwisho, kisha mstari wote ukalipuliwa.

Kwa nini watu wenye akili zao wajisumbue na kitu cha majimaji? Sababu ni uzito. Piga hesabu: mpira wa kipenyo cha inchi 2 wenye urefu wa mita 300 unameza lita 600 hivi. Nitrogliserini ni nzito kuliko maji kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo unazungumzia karibu tani moja ya kilipuzi. Roketi ndogo ya wakati ule isingeweza kuinua tani moja na kuifikisha mita 300. Mpira mtupu iliuweza. Wabunifu wakatenganisha kazi mbili: kwanza rusha chombo, halafu ukijaze. Kwenye karatasi ni wazo safi kabisa, na mimi nikilisoma bado nalivulia kofia.

Ubaya wake uko kwenye kile ambacho karatasi haionyeshi. Tani nzima ya kilipuzi kinachokasirika haraka mno lazima itengenezwe, ipakiwe, isafirishwe kwa malori katika barabara zilizochimbuka, ihamishiwe kwenye kigari, ikokotwe tena, halafu ingojee amri. Mlipuko wenyewe ni kazi ya kufumba na kufumbua. Safari ya kuufikia ni ya siku kadhaa, na safari hiyo yote kuna watu pembeni.

Nitrogliserini iligunduliwa na Mwitaliano Ascanio Sobrero mwaka 1847, na yeye mwenyewe aliiogopa. Tarehe 3 Septemba 1864 karakana ya familia ya Nobel mjini Stockholm ililipuka, na Emil, mdogo wake Alfred Nobel, akafa pamoja na wengine. Alfred hakuiacha, alitafuta namna ya kuituliza, na mwaka 1867 akapata hataza ya dinamiti, ambayo kimsingi ni nitrogliserini iliyonyonywa na udongo wenye vitundu vingi ili isimwagike wala kutikisika ovyo. Kwa maneno mengine, miaka karibu 80 kabla ya Conger ulimwengu ulishajua kwamba majimaji haya hayafai kubebwa yakiwa majimaji.

Kisa kiko kwenye viputo. Ndani ya majimaji kukiwa na kiputo kidogo cha hewa na kikapata kishindo, hewa ile hubanwa ghafla na kupata joto kali sana sehemu ndogo sana. Joto hilo linatosha kuanzisha mlipuko. Ukiyasukuma majimaji kwenye bomba, ukiyamwaga kutoka chombo kimoja hadi kingine, ukiyatikisa barabarani, unatengeneza viputo. Vali ya chuma inayosagana, tone lililokauka kwenye uzi wa skrubu, kifuniko kinachofungwa kwa nguvu: kila kimoja ni nafasi ya msuguano. Isitoshe, nitrogliserini safi huganda kwenye nyuzi joto 13 hivi, na kushughulika na iliyoganda nusu ni balaa la aina yake. Vilevile mvuke wake na kugusana na ngozi hupanua mishipa ya damu na kumletea mtu kichwa cha kupasuka. (Ndiyo dawa ileile ambayo wagonjwa wa moyo huwekewa chini ya ulimi, kwa kipimo kidogo mno. Usicheke, ni kweli.)

Sasa nije kwenye tukio analolisema mjomba wako. Mwezi Septemba 1944 Washirika waliuteka mji wa Antwerp nchini Ubelgiji, bandari yake ikiwa karibu nzima. Lakini meli hazikuweza kuingia, kwa sababu pande mbili za mlango wa mto Scheldt bado zilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Oktoba 6 Wakanada walianza kuusafisha ukingo wa kusini, katika jimbo la Zeeland nchini Uholanzi, katika operesheni iliyoitwa Switchback. Ile ni nchi ya mashamba yaliyo chini kuliko usawa wa bahari, mitaro kila upande, barabara zimepita juu ya matuta. Kifaru kikiacha barabara kinazama. Kikibaki barabarani kinakutana na mabomu. Ni mahali ambapo vifaa vya kufungua njia vilihitajika kweli, na wahandisi wa Divisheni ya 79 waliletwa kuwasaidia Wakanada.

Tarehe 20 Oktoba 1944, karibu na kijiji cha IJzendijke, shehena ya kilipuzi cha Conger ililipuka kambini. Haikuwa kwenye shambulizi. Askari walikuwa nyuma ya mstari wa mbele, magari yamekusanyika, kazi za kawaida za kambi zinaendelea. Mlipuko mmoja ukachukua magari ya jirani na kuwaua askari zaidi ya 40, Waingereza na Wakanada, na kujeruhi wengine wengi. Linganisha: kikosi cha wahandisi kingeweza kupita siku nyingi za mapigano mazito bila kupoteza idadi hiyo. Pale IJzendijke hakuna Mjerumani aliyefyatua risasi.

Ukiniuliza mimi kosa lilikuwa nini, sitakwambia habari ya mtu aliyeangusha kitu au aliyewasha sigara. Ukishaweka kilipuzi cha namna ile, magari ya kukokota, malori ya kuleta shehena na watu wa kuvihudumia katika uwanja mmoja, umeshatega. Kanuni ya maghala ya silaha duniani kote ni umbali: kadiri kilo zinavyoongezeka, ndivyo nafasi kati ya rundo na rundo, na kati ya rundo na watu, inavyotakiwa kupanuka, ili moja likienda lisichukue jingine. Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kusomeshwa hili. Wanaikumbuka milipuko ya maghala ya jeshi ya Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011. Vitani kanuni hiyo ndiyo ya kwanza kuvunjwa, kwa sababu mahali pakavu pa kuegesha ni pachache na kila mtu ana haraka.

Usidhani Waingereza hawakuwa na njia nyingine. Walikuwa nazo, na ukizilinganisha utaona kwa nini wazo la mpira liliwavutia.

Ya kwanza na ya zamani ni mtu na mkono wake. Pale El Alamein nchini Misri, Oktoba 1942, jeshi la jemadari wa Kijerumani Rommel lilikuwa limetega karibu mabomu nusu milioni. Wahandisi walitembea usiku wakitumia vitambuzi vya chuma vilivyobuniwa na Mpolandi Józef Kosacki, vipatavyo 500, na wengine wakichoma mchanga kwa singe, inchi baada ya inchi, huku risasi zikipita. Palepale vilianza kutumika vifaru vya kupiga ardhi kwa minyororo, wazo la Mwafrika Kusini Abraham du Toit. Kizazi chake bora kilikuwa Sherman Crab cha mwaka 1944: rola mbele ya kifaru, minyororo 43, ikizunguka mara 142 kwa dakika na kuchapa ardhi mpaka bomu lilipuke huko mbele. Kizuri cha Crab ni kwamba kinaonyesha kazi yake, kilipopita pamepigwa. Kibaya ni mwendo. Kikiwa kazini kilitambaa kilometa 2 kwa saa, kimezungukwa na vumbi la kutengenezwa na chenyewe, kikiwa hakioni mbele. Mita 300 kwa mwendo huo ni dakika tisa mbele ya mzinga wa kupiga vifaru. Dakika tisa ni maisha mazima.

Ya pili ni bomba la chuma lililojaa baruti. Asili yake ni Bangalore, India, mwaka 1912, ambako Kapteni McClintock wa wahandisi wa Madras alitengeneza mabomba ya kuunganisha ya kusukuma chini ya seng'enge na kulipua. Wakanada waliokuwa Uingereza wakalikuza wazo hilo likawa Snake: mabomba yaliyounganishwa hadi urefu wa mita 120 hivi, yakisukumwa na kifaru. Wamarekani walilitumia Anzio nchini Italia tarehe 23 Mei 1944, siku ya kuvunja mzingiro. Kikosi kimoja cha divisheni yao ya kwanza ya deraya kilisukuma Snake zake, zikalipuka, vifaru vikapita. Kikosi jirani hakikuzitumia, na kikapoteza vifaru vingi kwa mabomu. Lakini kuunga mita 120 za bomba karibu na adui, kisha kulisukuma bila kupinda juu ya matuta na mashimo, ni kazi inayohitaji ardhi tambarare na bahati. Mitaro ya Zeeland ingelivunja mara ya kwanza.

Wajerumani nao walikuwa na njia yao: kigari cha Borgward B IV, kikiongozwa kwa redio, kikiwa na sanduku la kilo 450 usoni. Kinaenda, kinalidondosha, kinarudi nyuma, halafu linalipuka. Pale Kursk, Julai 1943, walivituma mbele ya vifaru vizito vya Ferdinand. Njia zilifunguka, ila mizinga ya Warusi haikuwapa wahandisi nafasi ya kuziwekea alama, na njia isiyo na alama katika uwanja wa mabomu haimsaidii anayekuja nyuma.

Kwa hiyo mpira ulikuwa na sifa tatu ambazo hakuna kati ya hivyo vyote kilikuwa nazo kwa pamoja: unavuka mitaro, haujali kupinda, na hakuna mtu anayetembea juu ya mabomu. Hiyo ndiyo sababu wazo halikufa baada ya IJzendijke. Kilichokufa ni majimaji.

Baada ya vita Waingereza walitengeneza Giant Viper. Mpira uleule, safari hii umejazwa kiwandani baruti ya plastiki, tani moja na nusu, umekunjwa ndani ya tela. Tatizo la uzito walilitatua kwa nguvu: roketi nane zilizofungwa kwenye kichwa kimoja, na miamvuli mkiani ya kuunyoosha mpira kabla haujatua. Baruti ya plastiki unaweza kuiangusha, na haitafanya kitu mpaka kiwashio chake kifanye kazi. Ulifungua njia ya mita 180 hivi kwa upana wa mita 7. Ulikwenda vita vya Ghuba mwaka 1991, na mrithi wake, Python, ametumika Afghanistan. Wamarekani wana M58, mita 107 za kamba yenye vidonge vya C-4, aina ya baruti ya plastiki, karibu kilo 800. Na kile ulichokiona kwenye video, kama gari lilikuwa na minyororo na mkia ukatoka juu ya mgongo wake, kuna uwezekano mkubwa ni UR-77 ya Kisovieti, inayobeba kamba mbili za zaidi ya mita 90, kila moja ikiwa na kilo 725 za baruti.

Kamba hizi za leo haziwatishi tena wapishi na madereva wake kama Conger. Hata hivyo UR-77 bado ni ghala la tani moja na nusu juu ya minyororo, na mwaka 2023 droni ndogo za Ukraine zilionyesha maana yake: gari moja likipigwa kabla ya kurusha, linageuka shimo. Droni haikuwepo mwaka 1944, ila jambo ni lilelile, kwamba saa za hatari ni zile kabla ya kurusha. Niongeze pia kwamba nchini Syria na Ukraine UR-77 imerushwa mitaani, juu ya nyumba. Hapo hakuna bomu linaloteguliwa. Ni kubomoa mji.

Tuje kwenye swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito.

Mpira wa baruti haulichagui bomu moja moja. Unatuma wimbi la mlipuko ardhini na hewani, nalo linalibonyeza sahani la bomu kama tairi au mnyororo wa kifaru ungefanya. Bomu la zamani la Kijerumani la kupambana na vifaru, Tellermine, linaitikia vizuri. Lakini mtengeneza mabomu naye hakulala. Kuna fyuzi, yaani viwashio vya bomu, zinazotaka kubonyezwa mara mbili ndipo zilipuke. Kuna zile za Kiitaliano, kama VS-1.6 na VS-2.2, zenye kifuko cha hewa kinachotaka mkandamizo wa taratibu, kwa hiyo kishindo cha ghafla kinazipita bila kuzigusa. Kuna zinazohisi sumaku ya gari. Kuna pia mabomu yaliyofukiwa chini zaidi, au yaliyo pembezoni ambapo wimbi limeshapoa. Mengine hayalipuki bali yanarushwa pembeni, yamepasuka, fyuzi imelegea, na sasa ni hatari kuliko yalivyokuwa. Ndiyo maana hata jeshi likisharusha kamba halipeleki vifaru moja kwa moja; linatanguliza jembe au rola la kuhakiki. Na urefu wa kamba moja kama M58 ni mita mia moja hivi tu. Pale Ukraine mwaka 2023 kina cha viwanja vya mabomu kilifika mamia ya mita, hivyo kamba moja ilikuwa mwanzo wa safari.

Kwa kamanda hilo linavumilika. Anataka njia moja ya mita 7, sasa hivi, na amekubali kupoteza gari moja au mawili. Mkulima wa Msumbiji hataki njia ya mita 7. Anataka shamba lote, na anataka mtoto wake alikanyage kila mwaka bila mtu kusema "tumesafisha kwa asilimia kadhaa". Mpira ungemlipulia mabomu mengi, ungemwachia machache yasiyojulikana yalipo, na ungemmwagia vipande vya chuma shambani kote. Baada ya hapo kitambuzi cha chuma kingelia kila hatua, na kazi ya wateguaji ingekuwa ngumu kuliko mwanzo.

Panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, hawajali chuma. Wananusa TNT yenyewe, kilipuzi kilichomo ndani ya bomu. Msumari wa kale na kifuniko cha chupa hawavitazami, na uzito wao hautoshi kubonyeza bomu. Panya anakagua eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa nusu saa hivi, ambapo mtu mwenye kitambuzi anaweza kuchukua siku nne. Akikwaruza ardhi, mahali panawekwa alama, na bomu linashughulikiwa moja peke yake na mtu aliyesomea kazi hiyo. Msumbiji ilitangazwa kumaliza maeneo yake yote yaliyojulikana Septemba 2015. Magawa, panya aliyezaliwa na kufundishwa Tanzania kisha akapelekwa Kambodia, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020. Alistaafu akiwa amegundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Ujira wake ulikuwa ndizi na karanga.